Viti Alivyoviondoa Exaucée

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Exaucée alifagia uwanja, akachota maji, kisha akawasha mbabula, jiko dogo la makaa. Mwezi wa sita, baridi ya Kamina haina utani. Waendesha pikipiki husugua mikono yao kwanza, ndipo wamsalimie abiria. Kwa hiyo makaa yaliposhika moto, Exaucée hakuiacha mbabula nje. Aliibeba hadi sebuleni, akaiweka karibu na miguu ya mama yake, akafunga mlango na dirisha, kisha akamfunika mama blanketi la pili.

"Mama, sasa utapata nguvu," alisema.

"Aksanti, mutoto wangu. Lakini huu moto..."

"Pumzika tu, Mama! Usichoke na kusema."

Basi Mama Marthe alinyamaza, na Exaucée akaenda shule akiwa ameridhika na kazi yake.

Exaucée alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa na ugonjwa ambao madaktari wa Lubumbashi waliuita kwa Kifaransa sclérose en plaques. Jina hilo lilimshinda Exaucée hata kulitamka. Alichojua ni kwamba miguu ya mama ilikuwa dhaifu, na mtaani kwao kila mtu alisema kuwa miguu dhaifu imeingiwa na baridi. Baridi dawa yake ni moto. Kwa Exaucée, jambo hilo halikuwa na ugumu wowote.

Lakini kila siku lilizidi kumchanganya. Siku alizomtunza mama vizuri, kwa moto, mablanketi na maji ya kuoga yanayotoa mvuke, ndizo siku ambazo mama alishindwa hata kuinuka kitini. Kichwa kilimwuma, macho yakaona ukungu, kijiko kikamponyoka mkononi. Jumamosi moja Exaucée alichelewa sokoni, mbabula haikuwashwa, na nyumba ikabaki baridi tangu asubuhi. Aliporudi alimkuta mama amesimama nje! Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unaanika nguo kwenye kamba.

Exaucée aliduwaa na kikapu chake kichwani. Nikimtunza anazidiwa, nikimwacha anatembea, aliwaza. Ni ugonjwa gani huu? Halafu likamjia wazo baya: labda mama anajifanya. Alilichukia wazo hilo, alilifukuza, lakini lilirudi kila alipotulia.

Siku chache baadaye Mama Marthe alianguka akielekea chooni. Aliponzwa na kizingiti cha mlango wa nyuma, ambacho kilikuwa kimejengwa juu sana ili maji ya mvua yasiingie ndani. Hakuumia sana, lakini habari zilimfikia Tantine Tshiala, dada mkubwa wa baba, naye akaja jioni hiyohiyo. Tantine alikuwa mwanamke mwema mwenye sauti kubwa. Aliketi sebuleni mkabala na Mama Marthe, lakini maneno yake yote aliyaelekeza kwa Baba Mwepu.

"Mwepu, hii nyumba haiko ya mugonjwa. Turudishe Marthe kwabo, ku Kabondo-Dianda. Kule iko na mama yake na badada yake, batamuchunga."

"Yaya, njia ya kule iko mubaya sana," Baba alimjibu dada yake. "Na kama anazidiwa, tutamufikisha namna gani ku hôpital?"

"Na kama anavunjika mufupa hapa? Weye uko ku kazi, mutoto iko ku masomo. Nitarudi dimanche na motokari. Kama nasikia ameanguka tena, tunaenda naye."

Baba aliinamisha kichwa. Kwao, neno la dada mkubwa halipuuzwi, na mke aliyeugua sana kurudishwa kwa wazazi wake si jambo la ajabu. Exaucée alitazama mama yake. Mama alitazama sakafu. Hakuna aliyemwuliza neno.

Tangu hapo Exaucée alikuwa na hofu moja tu: mama asianguke kabla ya Jumapili. Akianguka, ataondoka. Na kutoka Kabondo-Dianda, kwa barabara ile, mtu hawezi kuja kumsalimia mwanawe kila anapomkumbuka.

Jumamosi asubuhi alipata fikira. Familia nyingi za Kamina zinapokuwa na maombi au matanga, jambo la kwanza ni kuondoa vyombo sebuleni ili watu wapite bila kujikwaa. Ikiwa umati wa waombolezaji hupita salama, je, mama mmoja? Mama akiwa bado amelala, Exaucée alitoa viti vyote nje. Akatoa meza ndogo na kigoda cha redio, akasukuma kabati hadi pembeni kabisa. Alitokwa na jasho, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Sebule ilibaki wazi, mtu angeweza kucheza mpira humo.

"Mama, kuja uone!" aliita kwa furaha.

Mama Marthe alitokea kwenye mlango wa chumba chake. Alinyoosha mkono wa kulia kama alivyozoea, akapiga hatua, na mkono ukashika hewa. Alinyoosha wa kushoto, nao haukupata kitu. Aliyumba, akaanguka chini kwa kishindo katikati ya sebule ile safi.

Exaucée alipiga yowe, akapiga magoti kando yake. Kiwiko cha mama kilikuwa kimechubuka. Ndipo hofu na hasira na mkanganyiko wote wa wiki nzima vikamtoka kwa pamoja.

"Mama, sielewe! Nakuwekea moto, unazidiwa. Nakuacha ku baridi, unatembea. Nakutolea biti bya mu njia, unaanguka! Unatuchezea? Sasa Tantine atakubeba!"

Alipomaliza kusema aliona aibu, akafunika uso kwa mikono. Mama hakumgombeza. Alijisogeza polepole, akaegemea ukuta, akamvuta bintiye karibu.

"Sikuchezee, mutoto wangu. Hii ugonjwa njo inatuchezea sisi bote. Sikiliza. Daktari alinieleza: mu mwili muko mishipa inabeba amri kutoka ku kichwa mpaka ku miguu. Mishipa yangu iko kama waya ya courant, ya umeme, yenye ganda yake imetoboka. Siku ingine amri inafika, siku ingine inapotea mu njia. Na joto njo adui yake. Nikipata joto, amri inapotea zaidi."

Exaucée aliondoa mikono usoni. "Basi mbabula yangu..."

"Mbabula yako, na mablanketi, na maji ya moto. Ulifanya kwa upendo, najua. Lakini moto ya makala mu nyumba yenye kufungwa ni hatari kwa bantu bote, hata bazima. Inaweza kutuua mu usingizi."

"Na biti?"

"Biti njo fimbo yangu. Nikitoka chumbani nashika mugongo wa kiti, halafu meza, halafu kabati, mpaka nafika ku mulango. Leo ulibeba fimbo yangu yote nje."

Exaucée alitazama viti alivyovitoa nje. Alikuwa akipita sebuleni humo kila siku, wala hakuwahi kuona mkono wa mama unakoshika. "Juu ya nini haukutuambia?" aliuliza hatimaye.

"Nikifungua kinywa, munaniambia 'pumzika.' Papa yako pia, Tantine pia."

Wakati huo Baba Mwepu alikuwa amesimama mlangoni, amerudi mapema kutoka kazini, na alikuwa ameyasikia maneno ya mwisho. Hakutafuta udhuru. Alimwinua mkewe, akamketisha kitandani, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Exaucée, tufanye nini?"

Siku ile Mama Marthe ndiye aliyetoa amri, na hakuzionea haya. Viti vilirudi ndani, vikapangwa kwa mstari mmoja, vile vyenye miguu imara mbele. Baba alivunja kizingiti cha nyuma, akajenga mteremko mpole wa matofali na saruji, na juu yake kijifereji cha kupeleka maji ya mvua pembeni. Kutoka mlangoni mpaka chooni alisimika nguzo na kufunga miti mirefu ya kushikilia. Alikata tundu katikati ya kiti kikuukuu cha mbao, akakiweka juu ya shimo la choo, maana kuchuchumaa kulimshinda mama. Mbabula ilitolewa nje moja kwa moja. Ikawekwa juu ya matofali kwenye kivuli chenye upepo, kwa kimo ambacho mtu huweza kupika akiwa ameketi kando.

Jumapili Tantine Tshiala alifika na motokari ya kukodi, na begi alilomwandalia Mama Marthe. Exaucée alimpokea mlangoni.

"Ameanguka tena?" Tantine aliuliza.

Exaucée angeweza kusema hapana. "Ndiyo, Tantine. Jana. Kosa yangu, nilitoa biti."

Tantine alimgeukia ndugu yake. "Mwepu, nilikuambia..."

"Yaya," Baba alimkatiza kwa heshima, "mwenyewe iko pale. Muulize yeye."

Mama Marthe alikuwa nje, ameketi kando ya mbabula katika ubaridi wa asubuhi, anasonga bukari, ugali wa kwao. Alipomwona wifi yake aliinuka, akashika mti mrefu, akapanda mteremko polepole, akaingia ndani. Mkono wake ulitoka mlangoni ukaenda kwenye kabati, kutoka kabati kwenye meza, kutoka meza kwenye kiti. Hakukimbia, wala hakupendeza kama anayecheza ngoma, lakini alifika. Tantine alimtazama mpaka mwisho, begi bado mkononi.

"Marthe," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "weye mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kubakia mu nyumba yangu, wifi. Siku ya mubaya mutanisaidia. Siku ya muzuri muniache nipike."

Tantine aliweka begi chini. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. "Wafwako," alimshukuru kwa Kiluba kwa kusema wazi, kisha akamwita Exaucée na kumshika begani.

"Weye ulisema ukweli ku mulango, hata uliogopa. Iko muzuri. Sasa sikiliza ingine, na miye pia najiambia. Sisi bote tulimupenda mama yako, na sisi bote tulimuangusha, kwa sababu tulisaidia mbele ya kuuliza. Mugonjwa miguu yake njo inachoka, akili yake haichoke. Ukitaka kumutengenezea muntu njia, muulize kwanza anapita wapi."

Kisha akatoka nje kumwambia dereva arudi zake, na akaingia kula bukari.