Mulima Muzima Ulipigana, Jembe Ikakosa Mwenyewe

Hapana, hakukufa! Ninajua njo swali munataka kuniuliza: "Mama, ule mutoto wako alikufa?" Bahati iko muzima. Iko pale inje ku jua, ananiangalia sababu anajua ninamusema. Lakini kuna kitu kilikufa kwetu, kitu kizuri sana... na tulikiua siye wenyewe, huku tunacheka.

Niko mujane, miaka yangu imepita makumi saba, meno imebakia ya kuchekea tu. Masomo sikuionaka. Ninasema, mukamwana yangu Esperansi, bibi ya Bahati, njo anaandika. (Esperansi, usikate kitu!) Tunakaa ku mulima, juu ya Mushaki, tunalima maharagi na muhogo sawa bababu.

Vita ilipotufikia, bijana ba mulima balisimama. Bahati yangu, wa mwisho mu tumbo yangu, alienda nabo mbaka kule Walikale, mu njia ya Ntoto. Balimurudisha juu ya machela, muguu moja ilibakia mu pori. Namna gani ilifanyika, hakusema. Ukimuuliza, anakujibu: "Mama, maharagi imeiva?"

Sasa, serikali iko mbali na njia yetu ni matope. Nani angemupatia mutoto yangu kitu? Ni mulima! Siye tulikuwaka na salongo. Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, kila nyumba inatoa mutu na jembe yake, tunatengeneza njia, tunafunga miti ya daraja pale ku muto, tunasafisha chemchem. Kapita wetu, mukubwa wa salongo, akasema: siku ya posho zingine, salongo itaenda kulima mashamba ya bale benye vita iliharibu. Bajane ba bale benye balikufa, na benye balirudi bilema.

Ilikuwa batu kidogo, bangeenea ku ntebe moja ya kanisa. Tulibalimia, tukabapandia, tukaimba, tukakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Bahati alikaa ku mupaka ya shamba na fimbo yake ya kutembelea, machozi inamutoka na kicheko inamutoka. Nani angesema ile kitu ni mubaya?

Njo pale shemeji yangu akasimama.

Papa Safari, mudogo wa marehemu bwana yangu. Anasemaka mu pua, sawa mbuzi yenye kukohoa: "Eeeh, kapita! Na siye benye tulirudi na miguu mbili? Tukose kulimiwa sababu risasi ilitukosa?" Batu bakacheka, bakapiga mikono. Na kapita, mutu mwenye roho laini, mwenye hajuake kukatala, akafanya: "Sawa... sawa... tusigombane, tuko batoto ba mulima moja." Bakaingia bote benye balishika silaha.

Kisha bakaingia benye balibeba mizigo. Kisha mama wa mandazi, na ile sauti yake ya sukari: "Dada zangu, bale bijana balipigana na tumbo ya nani? Ya mandazi yangu!" Akaingia. Pasta naye, na ile sauti inatokea chini ya kitovu: "Ndugu zaaangu, miye nilipigana na magoti!" Amina, akaingia. Hata ule muzee mwenye bijana balikula mbuzi yake: "Mbuzi yangu ilikufa ku vita, miye niko mufiwa." Sawa... sawa... tusigombane!

Munacheka? Na miye nilicheka! Mangaribi hapa ku moto nilibaiga bote, moja moja, mbaka Bahati anashika mbavu. Nilikuwa ninabahesabu vichekesho... kumbe kila sauti nilikuwa ninaiga ilikuwa na shamba yake, na ile shamba ilikuwa inangojea majembe ya mulima.

Basi siku ya posho zote zikamezwa. Njia? Ikaota majani. Chemchem? Ikaziba, tukaanza kukunywa maji ya vyura. Na Papa Safari akaongeza ingine: "Mupiganaji hashike jembe ya salongo, yeye njo analimiwa." Hakuna mwenye alikatala! Bakabakia kulima bakimbizi benye balifika juzi, na bamama bajane benye bwana zao balikufa na homa tu. Masikini, homa haikuwa vita!

Mvua ya kwanza ikanyesha. Munajua maharagi, haingoje mutu. Nikaenda kwa kapita. "Sawa... sawa, Mama Bahati, zamu yenu inakuya." Nikarudi tena. "Sawa... sawa..." Maharagi ya Papa Safari ilikuwa imeshatoka mu udongo. Shamba ya kilema, mwenye ile kitu yote ilianzishiwa, ilikuwa ya nyasi na panya!

Nikashika jembe miye mwenyewe. Esperansi akanisaidia, na tumbo yake kubwa ya mimba. Tukalima kipande, mugongo yangu ikakatala, nikalala mu mufereji sawa gunia.

Bahati akasema: "Mama, miye nitapanda. Nitakaa chini, nitavuta matako, nitapanda."

Lakini shamba iko ngambo ya muto. Na daraja... nani aliitengeneza? Miti ilioza, ikabakia moja tu, yenye kuteleza, yenye siye benye miguu mbili tunapitaka kwa shida. Nilimufuata nyuma na Esperansi. Ohh, benzangu! Mutoto yangu, mwanaume mwenye alilinda huu mulima, nilimuona anatambaa juu ya ule muti sawa mutoto mwenye hajajua kutembea. Fimbo amefunga ku mugongo na kitenge yangu. Kafuko ka mbegu kananing'inia ku shingo.

Katikati, muti ikageuka.

Alishika na mikono yote mbili. Kafuko kakapasuka, mbegu yote, ile tuliinyima midomo yetu, ikamwangika mu maji. Nilipiga kelele mbaka sauti ikaisha. Na munajua nilisikia nini? Nyimbo! Salongo ilikuwa inaimba juu kule, mu shamba ya Pasta.

Tulimutoa siye bamama wawili. Hakulia. Aliangalia tu maji inavyoenda na maharagi yetu.

Nikaomba mukutano. Nikasema mbele ya bote: daraja iko wapi? Shamba ya Bahati italimiwa siku gani? Papa Safari akasimama, na pua yake: "Shemeji, tuliteseka siye wote! Mutoto yako asijione yeye peke. Ile siku, mu njia ya Ntoto, miye nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa ninamulinda mugongo!"

Bahati akamujibu. Neno moja tu... Ngojeni, nitawaambia.

Kisha ya lile neno, hakuna mutu aliinua macho. Kila mutu alikuwa anakumbuka yake. Kapita alitafuta "sawa" yake, akaikosa. Batu bakatoka moja moja, bila kuagana, na mbaka leo hakuna mwenye analimiwa kwetu. Bale ba bongo, benye balidanganya mbaka baingie, banakosa, na bajane ba kweli banakosa pamoja nabo. Tulikula iyi mwaka muhogo ya kuomba. Bahati anashona viatu hapa ku barabara. Daraja iko ule muti moja, na Pasta naye anatambaa. Ninamuiga, lakini hakuna mwenye anacheka tena.

Benzangu munasoma, ninawaomba na mikono mbili: kama kwenu kuna kitu balichunga kwa bale benye balivunjika, mukilinde sawa mbegu ya kupanda! Huruma yenye haijue kukatala inalisha benye meno, benye hawana meno banabakia kuangalia. Siku mutu atasimama achekeshe mukutano ili aingie, musipige mikono. Mumuulize kwanza: na nani atalima? Siye hatukuuliza...

Bahati, mwenye hakusemaka hata siku moja juu ya ile njia, alisimama na fimbo yake. Hakupaza sauti. Aliangalia baba yake mudogo mu macho, akasema:

"Papa mudogo, ni kweli, ulikuwa nyuma yangu. Nilipoanguka, uliniruka."