Mtu wa Kupimia Mlima

"Leo chai imekolea," Koplo Rangi akasifu, akapiga funda la pili.

Kikosi kizima kikamkodolea macho. Chai yake ilikuwa mkono wa kushoto, haijaguswa. Alichokuwa anakunywa ni maji ya kuoshea brashi.

"Midomo bluu!" mpishi akaangua kicheko. "Afande, nikuongezee sukari?"

Koplo akacheka nao, afanye nini? Mtu mzima na kitambi chake, bunduki begani, turubai la kuchorea kwapani. Kamanda alitaka picha ya bonde ya kutundika ofisini, na jua lilikuwa linazama.

"Yale masizi usiniwekee," Kamanda alikuwa ameagiza. "Nataka bonde zuri."

Masizi yale yalikuwa nyumba za watu. Kikosi chao kilipita huko juzi.

Basi akaketi ukingoni mwa handaki, akapaka kijani palipokuwa peusi. Lakini mlima ukamtokea mdogo kama kichuguu. Kila mchoraji anaijua dawa yake: weka mtu mmoja chini, mlima utarefuka wenyewe. Akagusa kwa ncha ya brashi, ng'ambo ya mto. Doa la kahawia, na kichwa. Mtu huyo.

Akainama kukamua rangi ya mawingu. Alipoinua macho...

Yule mtu alikuwa ameshavuka mto.

"Uzee huu," akanung'unika, akamfuta kwa tapentaini. Harufu iliyopanda haikuwa ya tapentaini. Ilikuwa ya nyasi za paa zilizoungua. Na nywele.

Akatazama tena. Mtu yupo. Amekuwa mkubwa. Ana mikono.

Koplo hakumchora mikono.

"Sajenti," akanong'ona. "Hebu njoo."

Sajenti akaja na darubini yake. Picha hakuitazama kabisa. Alitazama bonde.

"Nani yule anayepanda?"

"Na wewe unamwona?"

Sajenti akainua bunduki. Akalenga, akafyatua. Akafyatua tena.

"Umempata?"

"Zimempita katikati, ndugu yangu. Na bado anakuja."

Kri... kri... Senyenge ikalia chini yao. Nyuma, handakini, wenzao walidhani milio ya risasi ni mazoezi. Mpishi alikuwa bado anacheka.

"Wewe ndiye uliyemleta," sajenti akafoka kwa sauti ya chini, sasa akiitazama picha. "Mgeuze! Mchore anaondoka, kabla hajawafikia vijana!"

Koplo akachovya brashi. Akachora mgongo. Akachora visigino. Rangi ikatokota kama mafuta kikaangoni. Mgongo ukawa kifua. Visigino vikawa vidole.

Kisha, kimya. Turubaini ukabaki mlima, mto na kijani kitupu. Mtu hayupo.

Sajenti akashusha pumzi.

Koplo hakushusha. Kisogoni alihisi joto, kama la tanuri lililofunguliwa mlango.

Hakugeuka.

"Kaka," akanong'ona, "nakusihi. Rudi nyumbani kwako."

Jibu likaja sikioni, taratibu, bila haraka:

"Mliichoma."