Mkono Chini ya Pazia la Mzee Isakwisa

Apa kwanza. Sema hutamwambia mtu, hata mumeo. Tulia aliniapisha mimi jikoni kwake, nikaapa kwa marehemu mama yangu, na nikavumilia mpaka nilipofika bombani. Basi sikia.

Mzee Isakwisa wa hapa Makandana alipasuliwa moyo Dar es Salaam akiwa na miaka sitini na tisa. Wakamwekea kilango cha chuma humo moyoni, cha kupitisha damu. Alirudi amekonda, kifua kimeshonwa kama gunia la kahawa, na ukikaa karibu naye unasikia: tik, tik, tik. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari ya kupumzika mara mbili. Mkewe alishatangulia, na mwanawe Lugano yuko machimboni Kiwira. Aliyebaki kumuuguza ni Tulia, mke wa Lugano.

Na kwetu unajua, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Lugano akatundika kitenge mlangoni pa chumba cha mzee. Kila jioni Tulia anaweka sahani ya ndizi chini ya pazia, pamoja na kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye kile chuma, anakohoa, anageukia ukutani. Miguu inakuja ikijiburuza, tik, tik, sahani inaondoka.

Siku moja sahani ilirudi imelowa, inanuka tope kama la ziwani. Tulia akaiosha tu. Alikuwa amechoka, mwenzangu. Ana shamba, ana watoto, ana mgonjwa asiyemjua uso.

Jumapili dada wa mzee, Anyitike, akaja kutoka Masoko, akamkuta kaka yake midomo imepauka.

"Kaka, unakula?"

"Uji wa asubuhi, wanaouleta wajukuu," mzee akanong'ona. "Jioni nasikia anakohoa. Nikijikokota hadi pazia, hakuna kitu. Siku ya tisa leo."

"Na kidonge?"

"Sijakiona. Amenichoka, dada. Mwache. Hata mimi nimejichoka."

Anyitike akatoka akiwaka. "Mchawi wewe! Daktari alisema akikosa kidonge damu inaganda, anakufa!"

"Shangazi, naweka kila siku! Na anachukua!"

Majirani tukajaa. Mimi nilitangulia, nilikuwa nimekuja kuomba chumvi. Mzee wa kanisa, Ackson, akaamuru mgonjwa atolewe kwa mlango wa nyuma, akakalishwe uani na blanketi, kelele zisimmalize. Mlango ule ukafungwa kwa komeo. "Sasa, binti, fanya kama unavyofanya. Tukione hicho kidonge. Tutampelekea wenyewe."

Tulia akaweka sahani, akaweka kidonge, na kwa mazoea tu, maskini, akakohoa, akageukia ukutani.

Tik.

"Nani yuko ndani?" Ackson akauliza kwa sauti ya chini.

Sote tulikuwa tumembeba mzee kwa mikono yetu, na sote tulikuwa tunasikia ile miguu ikijiburuza katika chumba kitupu, ikipumzika mara moja, ikipumzika mara ya pili, na harufu ya tope ikija mbele yake mpaka mtoto wa jirani akaziba pua, na chini ya kitenge ukatoka mkono, mkono wa kizee, unadondosha maji, ukapapasa sahani, ukakichukua kwanza kidonge.

Anyitike akaurukia, akaushika kifundo. "Nimekukamata!"

Pazia likaanguka. Palisimama mzee Isakwisa mwingine, mshono ule ule kifuani, nyuzi zikivuja maji, mashavu yamevimba. Akafunua mdomo, vidonge vikamwagika sakafuni. Vinane, vizima, havijayeyuka.

Watu wakakimbilia dirishani watoke, nami nikiwamo; yaliyofuata ndiyo Tulia aliyoniapisha nisiseme. Tulia hakukimbia. Aligeuka kutoka ukutani, akautazama uso ambao kwa miaka minane ya ndoa hakuwahi kuutazama.

"Siku zote hizi," akasema polepole, kama mtu aliyetoka kulima, "kumbe nampikia jini. Fumbua mkono. Hicho cha leo ni cha baba."

Likafumbua.