Ovaroli la Fundi Pikipiki

Mama ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo alikuwa akikata ovaroli la marehemu mwanawe, aliyekuwa fundi pikipiki. Mkwe wake, mjane wa marehemu, alipiga pasi vipande. Kila familia iliyofiwa na mtu kwa UKIMWI ilishona kipande chake chenye maneno ya kumkumbuka marehemu. Vipande hivyo vingeunganishwa kuwa kitambaa kimoja cha kutundika zahanati.

"Lina madoa ya oili, mama. Tulifue tena?" aliuliza mkwe.

"Liache. Mumeo bila oili nani atamtambua?"

Wakacheka. Hapo akaingia Baba Mdogo, shemeji yake Mama. Alilinyanyua ovaroli kwa kijiti kama panya aliyekufa.

"Shemeji, hili lichomwe, lina virusi. Na uandike alikufa kwa homa. Usituvue nguo mbele za watu."

Jirani yao muuguzi alikuwa mlangoni, ameleta uzi.

"Weka kijiti chini, mzee," alisema. "Virusi vya UKIMWI havisubiri mtu kwenye nguo. Huambukizwi kwa kushikana mikono wala kula sahani moja. Vinaenea kwa ngono isiyo salama na kwa damu. Mjamzito au anayenyonyesha mwenye virusi naye anaweza kumwambukiza mtoto asipotumia dawa."

"Sawa. Na heshima ya ukoo je?"

Mkwe akaweka pasi pembeni.

"Baba, mkiandika homa, mimi dawa zangu nimeze za homa gani? Ukija hapa nazificha kwenye debe la unga. Juzi ulipolala hapa, sikumeza kabisa."

Muuguzi alishtuka. "Dawa hizi ni za kila siku. Ukizirukaruka, virusi vinapata nguvu, na dawa inaweza kushindwa kazi. Mumeo alichelewa kuanza kwa kuficha hivihivi."

Hasira zikampanda Mama.

"Mwanangu alikufa akijificha, shemeji. Huyu simziki kwa ajili ya heshima yako. Asiyetaka kusoma, afumbe macho."

Akachukua uzi mwekundu, akashona kwa herufi kubwa: MWANANGU, FUNDI PIKIPIKI. ALIKUFA KWA UKIMWI. TUNAMPENDA. Baba Mdogo akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo dawa zilikaa mezani, karibu na chumvi. Mkwe alizimeza kila siku, awepo mgeni asiwepo. Baada ya miezi kadhaa, kipimo cha damu kilionyesha virusi vimepungua hadi havionekani.

"Hujapona, usiache dawa," muuguzi alimwambia. "Lakini ukiendelea hivi, utaishi na afya yako, na hutamwambukiza mwenzi."

Siku ya kutundika kitambaa watu walijaa zahanati. Baba Mdogo naye alikuja, akasimama mbele ya kipande chao.

"Herufi kubwa mno, shemeji."

"Nilitaka uzione bila miwani."

Saa ya dawa ikafika. Mkwe akatoa vidonge vyake mbele ya wote.

"Baba," alisema kwa sauti, "naomba maji ya kumezea dawa zangu za UKIMWI."

Watu wakageuka kumtazama Baba Mdogo. Alikohoa, akatazama mlango, akatazama kile kitambaa. Kisha akaenda kumletea maji.