WiFi Isiyofika Chumba cha Mama

Alisi aligeuza kahawa juani, akafukuza kuku, kisha akanawa mikono. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa jioni ndipo Biira hupiga simu.

Biira ni dada mdogo wa Nobert, mume wa Alisi. Anafanya kazi za nyumbani Arabuni. Bosi wake humruhusu kushika simu Ijumaa tu, tena kwa muda mfupi. Mama yao, Eseri, yuko hapa Bwera, kitandani, katika nyumba ndogo ya nyuma. Moyo wake umechoka. Daktari wa mjini Kasese alimpa dawa, kisha akamwambia Nobert amrudishe nyumbani akapumzike. Nobert alielewa maana ya maneno hayo. Tangu siku hiyo hajacheka vizuri.

Simu ililia. Alisi akaikimbiza nyuma. Sura ya Biira ikatokea kwenye kioo.

"Mama! Unanisikia?"

"Ninakusikia, mwanangu. Biira, siku ile ulipoondoka..."

Picha ikaganda. Mdomo wa Biira ukabaki wazi. Kisha kioo kikawa cheusi.

Mama Eseri akageukia ukutani. "Amenikatia tena," akasema.

"Hapana, Mama. Ni network. Hii network iko mbaya."

"Network gani hiyo inakata mimi nikianza kusema tu? Na Nobert anaongea vizuri kule mbele. Kwangu anakata. Bado ana hasira."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Biira alipotaka kwenda Arabuni, mama yake alikataa katakata. Walitupiana maneno makali. Biira akaondoka alfajiri bila kuagwa. Mama alikuwa macho, lakini alilala kimya, akajifanya hasikii. Sasa alitaka kusema neno moja tu kabla hajafa. Na kila akifungua mdomo, simu inakatika. Msomaji, ungekuwa wewe, ungefikiria nini?

Majirani walisema mama ahamishiwe nyumba ya mbele, ambako WiFi ilikuwa na nguvu. Mama alikataa. Kaburi la mumewe lilikuwa hapo nje ya dirisha lake, kwenye migomba.

"Nikitoka humu ninakwenda pale," alisema, akionyesha kwa kidole. "Sitoki kwenda pengine."

Hakuna mtu aliyebishana naye. Mjane akishasema hivyo, imekwisha.

Intaneti ya simu nayo haikusaidia. Bwera ni mpakani. Ukifika chumba cha nyuma, simu huacha mtandao wa Uganda na kushika wa Kongo, na intaneti inapotea. WiFi ya nyumbani ilitoka kwenye ruta iliyokuwa sebuleni. Ilivuka ua kwa shida, ikafika kwenye kuta nene za mawe, ikaishia hapo.

Nobert alikwenda Kasese akanunua mesh. Mesh ni visanduku viwili au zaidi vinavyopokezana WiFi. Kimoja kinarusha, kingine kinapokea na kurusha tena, mpaka ifike mbali. Muuzaji alitaka kumweleza namna ya kuvifunga, lakini Nobert hakungoja. Akili yake yote ilikuwa kwa mama.

Alipofika nyumbani aling'oa ruta ya zamani. "Hii imeshindwa kazi. Itoke!" Lakini ule waya mwembamba wa kampuni ya intaneti haukuingia kwenye kisanduku kipya. Akairudisha ruta huku akinung'unika. Akaiunganisha kwa waya na kisanduku kimoja, akavifunga vyote ndani ya kasha la chuma, kwa kufuli. Nobert ni mnunuzi wa kahawa, na wanunuzi wa kahawa hufunga kila kitu. Ruta yake ilikuwa imeishi ndani ya kasha hilo tangu siku ya kwanza. Kisanduku cha pili alikiweka chini ya kitanda cha mama.

Taa yake iliwaka nyekundu. Ijumaa ilipofika, walimwachia mama simu chumbani, lakini haikulia kabisa. Biira alipiga na kupiga, lakini haikuingia.

Mama Eseri hakulalamika. Alikataa uji tu. "Msiniletee simu tena," alisema. "Mtoto amenikataa, na mimi nimeelewa."

Nobert alitoka nje, akaketi juu ya gunia la kahawa, akalia waziwazi mbele ya vibarua wake. "Mama atakufa na hiyo uchungu," alimwambia Alisi. "Na mimi nimeshindwa kuleta network tu. Network!"

Alisi aliingia ndani. Alivaa kandambili, akaenda kumwita Kavira.

Kavira ni jirani yao. Alikimbia vita kutoka Butembo, Kongo. Huko alikuwa na duka la intaneti. Sasa anafunga WiFi kwenye nyumba za wageni za Mpondwe, hapo mpakani. Aliingia sebuleni, akatazama huku na huku.

"Mama Bright," alimwita Alisi kwa jina la mwanawe, "ruta yenu iko wapi?"

Alisi akaonyesha kasha.

"Ndani ya chuma?" Kavira alishika kichwa. "Nobert, umefunga rezo, hiyo network yako, mu gereza! Chuma inaizuia. Haiwezi kutoka."

"Ni wezi, Mama Kavira. Hapa mpakani vitu inaota miguu."

"Basi pigilia ku ukuta, juu kabisa. Mwizi hatabeba ukuta."

Nobert alifungua kufuli. "Na hii ya zamani nitupe?"

"Ah, non! Intaneti inapitia mu hii ya zamani. Kampuni iliweka mipango yao ndani. Kamera za stoo yako ya kahawa pia iko mu hii. Ya zamani itabaki mukubwa. Mesh itabeba tu."

Kavira akaacha waya wa kampuni kwenye ruta ya zamani. Akachukua waya mwingine, akaunganisha ruta na kisanduku cha kwanza cha mesh, na Nobert akavipigilia vyote ukutani, juu kabisa. Kisha Kavira akafungua programu ya mesh kwenye simu ya Alisi.

"Angalia hapa, Mama Bright. Inauliza kazi yake. Usichague ruta. Chagua access point, maana yake igawe tu. Ukiacha hivi hivi, utakuwa na ruta mbili, kila moja inataka kuwa chef, mukubwa. Simu itakuwa huku, kamera kule, na hazitaonana."

Alisi akachagua mwenyewe. Kavira akazima WiFi ya ruta ya zamani, ili simu zisiing'ang'anie. WiFi ya mesh akaipa jina lile lile na neno la siri lile lile.

"Sasa simu zenu hazitajua kama kitu imebadilika," alisema. "Hii ya pili, nani aliweka chini ya kitanda?"

"Mimi," alisema Nobert. "Si ndipo network haifiki?"

"Ndiyo kosa lenyewe. Kama rezo haifiki pale, hii kisanduku itagawa nini? Ni sawa na kutuma mutoto achote maji mu mutungi mukavu. Tuiweke katikati, pahali rezo ingali na nguvu."

Walitembea uani polepole, Alisi akitazama simu. Karibu na tangi la maji WiFi ilidhoofika. Kwenye dirisha la jikoni ilikuwa imara, na dirisha hilo linatazamana na mlango wa mama. Kavira akakiweka kisanduku hapo, kwenye rafu ya juu, mbali na mabati. Taa nyekundu ikageuka kijani. Nobert akaleta betri ndogo kwa kila kifaa, kwa sababu umeme wa Bwera hukatika bila kumwogopa mtu.

Alisi alitaka kushukuru, lakini Kavira alikuwa anatazama mlango wa mama.

"Mama yangu alikufa kule Butembo," alisema. "Sikupata kumuongelesha. Mutu wa soko ndiye aliniambia."

Ijumaa iliyofuata, mama Eseri alikataa kushika simu. "Sitaki akate tena."

Alisi akaisimamisha kwenye kigoda, karibu na mto, akatoka. Lakini hakwenda mbali.

"Mama?" aliita Biira. "Mama, niko hapa."

Mama aliikazia simu macho. Alikuwa anangoja simu ikatike. Alingoja na kungoja. Sura ya Biira ilibaki pale pale, safi, inafuta machozi.

"Siku ile sikuwa nimelala," mama alisema mwishowe.

"Najua. Niliona macho yako. Nilidhani hutaki kuniaga."

"Na wewe ukawa unanikatia simu."

"Mimi? Mama, nilifikiri ni wewe unakata!"

Nje ya mlango, Alisi aliziba mdomo kwa kitenge. Muda wote huo, kila mmoja alikuwa ameumia peke yake, kwa sababu ya kasha la chuma.

Mama Eseri alinyoosha mkono, akagusa kioo. "Neno langu ni moja tu. Nenda salama, mwanangu."

Biira alilia kabla ya kujibu. Alikuwa ameondoka zamani. Sasa aliyekuwa anaondoka alikuwa mama.

"Na wewe, Mama. Nenda salama."

Jioni hiyo mama alikunywa uji wote. Hakufika Ijumaa nyingine.

Walimzika kwenye migomba, kando ya mumewe. Bosi wa Biira, kwa mara ya kwanza, alimwachia simu siku isiyo Ijumaa. Alisi alisimama nyuma ya nyumba, akaielekeza kaburini. Biira aliona jeneza likishuka. Alisikia ndugu zake wakiimba, na huko aliko akaimba nao. Alisi aliishika simu hivyo hivyo, mkono ukimuuma, mpaka udongo wa mwisho ulipomwagwa. Haikukatika.