Mkwe Wangu Aliniacha Barabarani Kisesa

"Dada, mkwe wako kakuacha ufe barabarani!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia nilipozinduka hospitalini. Aliyesema ni kaka yangu Shimba. Pembeni yake binti yangu Rose analia.

"Dereva wa lori kamwona, mama! Masalu kapanda baiskeli yake kasepa... wewe uko chini unavuja damu!"

Wapendwa mnaonisoma, moyo ulinipasuka. Maana hata mimi kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni mgongo wa Masalu ukienda mbali...

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni bibi, mjane, naishi Kiseke. Usichanani niliendesha baiskeli ya baba, ile kubwa ya chuma, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu kiti sikifikii. Nilipoolewa nikaacha. Uzeeni magoti yakagoma, daktari akasema niendeshe baiskeli. Nikacheka. Mimi huyu?

Masalu, mume wa Rose, fundi baiskeli pale Mirongo, alisikia. Hakusema kitu. Siku moja nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani kwangu, mwenyewe keshaondoka.

Kwetu Wasukuma, sisi tunaoshika mila, mkwe hamgusi mama mkwe. Hamtazami usoni. Akiniona njiani, anapisha.

Nikaanza kuzunguka mtaani.

"Bibi, breki! Usituue!" watoto wanapiga kelele.

"Pisheni basi, breki sizijui!"

Nilipozoea, Masalu akaniundia baiskeli ya mbio. Matairi membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Tukaingia barabara kuu ya Musoma! Yeye mbele anakata upepo, mimi nyuma yake karibu. Akiona shimo, ananionyesha kwa mkono.

Na kwa kuwa hatutazamani... tukaweza kuongea. Miaka yote hiyo, ndiyo kwanza nampata mkwe wangu!

"Mama, upepo unakuchapa?"

"Kidogo, baba."

"Sogea karibu na tairi langu. Upepo niachie mimi."

Tangu nifiwe na mume wangu, hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo.

Siku ile, tumeipita Kisesa kidogo, lori likapiga honi nyuma yangu. Nikashtuka, nikaingia kwenye changarawe... puuu!

Nikaona mgongo unaondoka. Kisha giza.

Sasa Masalu kasimamishwa wodini, macho sakafuni.

"Ulimwacha, hukumwacha?" Shimba akamuuliza.

"Niliondoka, mjomba."

"Kwa nini?"

"Ongea, Masalu!" Rose akafoka. "Mama yangu umemfanya nini?"

"Siwezi kusema."

"Mwacheni," nikasema. "Huyu ana jambo."

Lakini nani anamsikiliza mgonjwa?

Rose akahamia kwangu. Shimba akaanza kusema habari ya kurudisha ng'ombe wa mahari. Kwetu ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Nikamsihi, "Kaka, subiri nipone." Akaitikia tu.

Nilipopona, nilikumbuka kanga mbili nilizofikishwa nazo hospitalini. Si zangu. Kanga ya mtu hukai nayo. Nikazifua, nikazipiga pasi, nikazifunga kwenye baiskeli, nikaenda Kisesa peke yangu. Ndiyo mara ya kwanza barabara kuu bila mtu mbele. Upepo ulinipiga kifuani njia nzima, na mimi nalia.

Nikawauliza wauza nyanya. Mama mmoja, Modesta, akapiga makofi.

"Bibi! Kumbe uko hai!"

"Nani aliwaita siku ile, mwanangu?"

"Si yule kijana wako! Katukuta shambani, kifua wazi, shati kakufunika wewe. Analia kama mtoto! Anasema, 'Mama zangu, njooni na kanga. Mama mkwe wangu kaanguka, nguo zimechanika zote, mimi siruhusiwi kumwona wala kumgusa!'"

Nikakaa chini.

"Akasimama kule, katupa mgongo, mpaka tukakupakia kwenye pikapu. Akatuomba tusimwambie mtu ulivyokuwa."

Jamani! Kumbe angejitetea, angelazimika kusema mbele ya watu kwamba aliniona uchi!

Nikampigia Shimba palepale.

"Kaka, zuia ng'ombe! Masalu hana kosa!"

"Dada... wameshafika kwao Masalu. Leo asubuhi."

Niliendesha mpaka Mirongo bila kuhisi miguu. Masalu alikuwa ameinama kwenye gurudumu. Aliponiona hakupisha. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama usoni. Kumbe ana macho mapole hivyo.

"Shikamoo, mama."

Akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba... baba, unanishika?"

"Sasa naruhusiwa, mama. Wewe si mkwe wangu tena."

Nililia katikati ya spoki na minyororo, na yeye hakuniachia mikono.

Rose alipopata habari alikimbilia pale kuomba radhi. Masalu alimpokea vizuri. Akampa kiti, akamnunulia soda, akamwita "dada."

Dada! Rose hajanyanyua uso hadi leo.

Wapendwa, mtu akinyamaza msikimbilie kumhukumu. Wengine wamefunga mdomo ili kukustiri wewe.