Sauti Iliyovuta Pumzi

Malalamiko ya kwanza yalikuwa mistari miwili tu. Mtumiaji mmoja, mwanamke asiyeona, aliandika: "Toleo jipya ni zuri, fundi. Lakini siku hizi sauti inavuta pumzi kabla ya kusoma. Inanitisha."

Fundi alicheka. Siku hiyo alikuwa na hitilafu kumi na tisa za kurekebisha: vitufe vilivyopandana, dirisha lililogoma kufungwa, herufi zilizokatika kwenye skrini ndogo. Programu hiyo iliwasomea vipofu maandishi ya kompyuta kwa sauti, bure, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuusoma au kuutengeneza.

"Eti inapumua," alimwambia mkewe, muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu. "Labda imepata mafua."

"Mpe dawa basi," mkewe alisema akivua viatu. "Mimi wagonjwa wangu wamenitosha."

Kila mtu alimjua fundi kuwa ndiye mwenye programu. Lakini aliyeianzisha alikuwa Mwalimu, mzee aliyefundisha watoto wasioona, akaiandika peke yake kwa miaka kumi na mmoja. Mwalimu alipofariki, fundi aliishika na kuing'arisha, na kwa hilo alistahili shukrani. Ila alipoalikwa kuionyesha mbele ya wataalamu, tamaa ilimwingia. Alifungua dirisha la "Kuhusu", akafuta jina la Mwalimu, akaandika lake. Kisha akalifuta kwenye kila faili. Mjane wa Mwalimu alimwandikia kwa upole, akimwomba alirudishe. Fundi alimjibu maneno matatu: "Maiti hahitaji sifa."

Mchana wa siku ile ya malalamiko alivaa visikilizio, akabonyeza "Soma". Akaisikia. Pumzi ndefu ya mzee mwenye kifua kibovu, ikivutwa karibu kabisa na sikio. Alipekua msimbo mstari kwa mstari, na sauti kama hiyo haikuwemo. Alipovua visikilizio, chumba kilinuka chaki iliyolowa, na chini ya chaki, udongo uliochimbuliwa punde.

Kesho yake alikaa nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta, wataalamu mia tatu wakimtazama mtandaoni. Alifungua habari ya hali ya hewa, akabonyeza. Pumzi ikavutwa.

"Maiti hahitaji sifa," programu ilisema.

Alijichekesha, akabonyeza tena. Ikarudia. Alichomoa waya wa spika, na sauti ikaendelea vilevile, taratibu, kama mtu anayewasomea watoto imla.

Alikimbilia chumbani kwa mkewe, aliyekuwa amelala baada ya zamu, mapazia yamefungwa, jua la saa nane likipenya kwenye upenyo mmoja, na mle ndani harufu ya udongo ilikuwa nzito, na mkewe alikuwa amelala chali, macho wazi, akivuta pumzi bila kuitoa, kifua kikipanda tu, mpaka midomo ikafunguka na sauti ya mzee ikaanza kusoma faili zilizofutwa jina, moja baada ya nyingine, kila moja ikiishia na jina la Mwalimu.

Alimwita shangazi wa mkewe, mganga, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili.

"Ni jini, shangazi?" alinong'ona.

"Sema polepole. Jini ningemjua. Huyu alikuwa mtu." Akainama juu ya mgonjwa. "Nani wewe?"

"Mwenye kazi."

"Binti yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nimepita kwake kama mlangoni tu. Ninayemtaka amesimama nyuma yako."

Shangazi aligeuka taratibu. "Baba, umemfanyia nini huyu?"

Fundi alisema yote. Shangazi hakumgombeza. Alimwonyesha tu kompyuta kwa kidole.

Alilirudisha jina, faili baada ya faili, sauti ikimtajia kila faili aliyoiruka. Alipomaliza, akatoa toleo jipya, kila mtumiaji alione. Kifua cha mkewe kiliendelea kupanda. Kucha zake zilikuwa zimegeuka bluu.

"Nimerudisha! Unataka nini tena?"

"Langu nimelipata," sauti ilisema. "Sasa nataka lako."

"Usimjibu!" shangazi alisema kwa ukali.

Lakini fundi alikuwa akiitazama midomo ya mkewe. "Chukua! Chukua chochote, mwachie mke wangu!"

Pumzi ilitoka, ndefu, ikatikisa mapazia. Harufu ikakatika. Mkewe alikohoa, akaketi, akashika mkono wa shangazi yake.

"Umekuja lini, shangazi?" Kisha akavuta shuka kifuani. "Na huyu kaka ni nani?"

"Huyu ni mumeo, mama. Ni..." Shangazi alifungua mdomo kulitaja jina, akabaki hivyo, ameduwaa. Alimtazama fundi, halafu akayakwepa macho yake.

Fundi alitoka barazani, akampigia mama yake.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

Alijaribu kulisema. Ulimi uligusa meno, na nyuma yake hapakuwa na neno. Mama yake alisubiri, kwa subira yake ileile ya siku zote.

"Umekosea namba, baba," alisema kwa huruma. "Mimi wanangu ni wasichana tu. Mtafute mama yako, atakuwa ana wasiwasi."

Akakata simu.